Foili ya mapovu chini ya mabati ya baraza: joto inalimudu, kelele haiiwezi

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Mombasa, useme una baraza iliyofungwa vioo, paa lake ni mabati, mchana inachoma na mvua ikishuka watu hawasikizani. Utatolewa roli moja inayong'aa: karatasi ya alumini iliyobandikwa juu ya plastiki yenye mapovu, unene wake milimita 4 hivi. Utaambiwa inakata joto na kelele. Neno la joto ni kweli, ila lina sharti ambalo muuzaji halitaji. Neno la kelele si kweli hata kidogo, na ndilo linalowafanya watu wanunue roli, walipe fundi, kisha masika yanapoingia waone wamerudi palepale.

Joto na kelele ni maradhi mawili na kila moja lina dawa yake. Kwanza tuipe foili haki yake.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na hata mwezi Juni linapoinama zaidi, saa sita mchana bado liko zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Ndiyo sababu mchana hapa paa hupokea jua kuliko kuta, na bati la maruni, kijani kilichokolea au nyeusi hufika nyuzijoto 60 na kupita. Lakini hewa ya moto hupanda, haishuki. Joto la bati haliwafikii waliokaa chini kwa kubebwa na hewa. Linawafikia kwa mnururisho, jinsi makaa ya jiko yanavyokuchoma uso ukiwa umekaa kando. Hapo ndipo alumini inapofaa: uso wake safi hunururisha takriban asilimia 5 tu ya joto ambalo uso wa rangi au mbao wenye joto lilelile ungenururisha, na joto linaloujia huurudisha karibu lote.

Sharti lenyewe ni hewa. Foili hufanya kazi pale tu uso wake unapotazama pengo. Ukiibana ikagusa bati, joto hupita kwa kugusana, na kilichobaki kuzuia ni yale mapovu ya milimita 4, ambayo hayana nguvu ya maana. Sentimita 5 za sufi ya mwamba, ile mafundi wanayoiita rokwuli, huzuia joto zaidi ya mara kumi ya mapovu hayo. Kwa hivyo foili iliyogundishwa kwenye bati kwa gundi, kama wanavyofanya mafundi wengi wa haraka, ni pesa zilizotupwa. Inapendeza kwa macho tu.

Pengo la chini kabisa ni milimita 25. Milimita 40 hadi 50 ni bora. Kwa paa ambalo tayari limeezekwa, njia nyepesi ni kupiga foili chini ya mbao za kubebea mabati. Mbao hizo zikiwa za inchi 3 kwa 2 zilizosimamishwa, pengo linapatikana lenyewe. Kwa paa jipya, foili hutandazwa juu ya mbao kabla ya bati kuwekwa, na hapo fundi asiivute ikanyooka kama ngozi ya ngoma. Ailegeze kati ya ubao na ubao ishuke sentimita 4 hivi. Mafundi hupenda kuivuta kwa sababu iliyonyooka inaonekana kazi safi.

Nunua yenye alumini pande zote mbili. Upande wa juu utashika vumbi, na vumbi likitanda ule uwezo wa kurudisha joto hupungua mwaka hadi mwaka. Upande wa chini haushiki vumbi, na ndio utakaobaki ukifanya kazi, mradi chini yake nako kuna nafasi. Zipo roli ambazo upande mmoja ni alumini na wa pili ni plastiki nyeupe. Hizo ni za kupendezesha dari, na zikipigwa ule mweupe ukitazama chini, faida ya upande wa chini umeikosa.

Vipande vipishane milimita 75 hadi 100, na kile cha juu ya mteremko kilale juu ya cha chini kama vigae. Sababu ni jasho. Usiku wa kaskazi mbingu ikiwa wazi, bati hupoa likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na hewa ya Pwani ina unyevu mwingi hivi kwamba kupoa nyuzi chache tu kunatosha matone yafanyike upande wa chini wa bati. Matone hayo yakidondoka juu ya foili iliyopishana vizuri, yanateleza hadi ukingoni na kutokea kwenye mtaro wa maji. Ikipishana kinyume, yanaingia kwenye maungio, na kinachofuata ni madoa ya rangi ya chai darini. Watu humwita fundi wa mabati atafute tundu, naye hulitafuta siku nzima asilione, kwa sababu halipo.

Maungio yafungwe kwa utepe wa alumini. Utepe wa kitambaa wa rangi ya fedha hubanduka katika joto la pale juu kabla ya mwaka kwisha. Stepu za kawaida nazo huliwa na hewa ya chumvi, kisha foili huanza kuning'inia. Tumia stepu za chuma kisichoshika kutu, au bora zaidi bana foili kwa fito za mbao za 2 kwa 1 zilizopigwa skrubu, ambazo pia zitakupa ile nafasi ya chini. Kama mbao zako zimetiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa, kumbuka dawa hiyo ina shaba, na shaba hula zinki na alumini palipo na unyevu. Weka ukanda mwembamba wa plastiki au lami kati ya ubao na bati.

Na umeme. Foili ni chuma. Stepu moja ikitoboa waya, dari nzima inakuwa na umeme. Mwaka 2010 serikali ya Australia iliiondoa foili kwenye mpango wake wa taifa wa kuzuia joto darini baada ya mafundi kuuawa na umeme wakiifunga. Zima swichi kuu, si ya chumba pekee, na waya zote ziwe ndani ya bomba kabla ya foili kupanda.

Ukiyafuata hayo, foili tunaipa alama nzuri. Kwa bei yake hakuna kingine kinachokaribia kazi yake dhidi ya jua la utosini.

Kelele sasa

Tone kubwa la mvua ya masika hushuka kwa mwendo wa mita 8 hadi 9 kwa sekunde, na linapiga bati la geji 30 au 28 ambalo uzito wake ni kilo 2 hadi 3 tu kwa mita ya mraba. Bati linatikisika, na kwa kuwa ni jembamba na pana, linalia kama debe. Sauti hii haitoki nje ikapenya ndani. Inazaliwa kwenye bati lenyewe. Kuizuia kuna njia mbili: kulifanya bati lisitetemeke, na kuweka chini yake kitu kizito ambacho hakishikani nalo. Uzito ndio wenye kauli hapa, kwa sababu kila ukiuzidisha mara mbili unapunguza sauti inayopita kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Foili ya mapovu ina gramu mia chache kwa mita ya mraba. Haizuii kitu. Vivyo hivyo polisterini, ile nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni: ni nyepesi, tena ni ngumu, hivyo inapitisha mtetemo vizuri tu.

Trei za mayai na sponji za magodoro nazo zinauzwa na kusifiwa. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, yaani maneno yasirudi kutoka ukutani. Mvua haizijui. Na sponji ya godoro ikishika moto darini, moshi wake huua kabla ya moto kufika.

Kabla hujanunua chochote, panda ngazi ukague skrubu. Sehemu kubwa ya kelele za baraza si mvua. Ni bati lililolegea. Wakati wa kusi, upepo huingia kwenye maungio ya pembeni, bati likapiga makofi usiku kucha. Misumari ya mabati hulegea kwa sababu bati hutanuka na kunywea kila siku: bati la mita 4 likipata tofauti ya nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 2, na wingu likipita juu ya jua hunywea ghafla. Huo mlio wa ta, ta, ta unaousikia jioni ni bati likijivuta kwenye misumari. Ng'oa misumari, weka skrubu za kujitoboa zilizo nene kidogo kuliko tundu la zamani, zenye wosha za mpira mweusi unaostahimili jua, si ule wa plastiki laini unaokatika baada ya kiangazi kimoja. Kaza hadi wosha ifure kidogo pembeni, kisha acha. Iliyokazwa mpaka ikajikunja itavuja. Kwenye maungio ya pembeni ongeza skrubu fupi za bati kwa bati kila sentimita 50. Kama bati linafunguliwa kwa vyovyote, bandika ukanda wa mpira laini wa milimita 3 juu ya kila ubao kabla ya kulirudisha. Ni kazi ya siku moja, na baraza nyingi hutulia nusu ya shida zake hapo.

Hatua ya pili ni kulizima bati lenyewe. Kinachofaa hapa hakiuzwi kwenye duka la ujenzi. Kiko kwa wauza vifaa vya magari: vipande vya butili, aina ya mpira mzito unaonata, vyenye alumini upande mmoja, unene wa milimita 2, vinavyobandikwa ndani ya milango ya gari ili isilie. Bandika kwenye sehemu bapa kati ya migongo ya bati, upande wa chini, na si lazima ufunike lote. Nusu ya eneo bapa inatosha, kwa sababu bati linalotetemeka hushikwa katikati, si kingoni. Safisha kwanza kwa sabuni, suuza chumvi yote, kausha, pitisha kitambaa chenye spiriti, kisha bandika asubuhi bati likiwa kavu na bado halijapata moto, na ukandamize kwa roli ndogo mpaka mistari ya alumini ilale. Gonga kwa kifundo cha kidole. Bati tupu hulia likaendelea kulia, lililobandikwa hutoa "du" moja likanyamaza.

Angalia usiuziwe ya lami badala ya butili. Kwenye mlango wa gari ya lami inakaa, lakini juu, chini ya bati la nyuzi 60, inalainika na uzito wake unaivuta. Miezi michache, inaanza kudondoka juu ya foili vipande vipande. Butili hunyooka kama ubani ukiivuta na haina harufu ya barabara mpya. Ya lami inanuka na hukatika.

Butili pekee huondoa ule mlio mkali. Kishindo cha mvua nzito kinabaki, na hata kunguru wakitua alfajiri kurukaruka juu utawasikia, japo kama wamevaa soksi. Anayetaka kulala au kufanya mikutano ya simu barazani wakati wa masika lazima afike hatua ya tatu, yaani dari nzito.

Mpangilio kutoka juu ni huu: bati lenye butili, pengo, foili, nafasi ndogo ya sentimita 2, rokwuli ya milimita 50 yenye uzito wa kilo 60 kwa mita ya ujazo, halafu bodi. Rokwuli isiguse bati wala foili isikandamizwe. Ikigusa bati itanyonya jasho la usiku, na rokwuli iliyolowa haizuii joto tena, na uzito wake unaivuta dari. Bodi ziwe mbili, za jipsamu ya kijani ya milimita 12, ya pili ikipishanisha maungio na ya kwanza. Ya kijani ndiyo ya sehemu zenye unyevu. Ile nyeupe ya kawaida kwa hewa ya Pwani hupinda katikati, hasa fremu zikiwa mbalimbali. Fremu ziwe kila milimita 400, si 600 kama wanavyozoea. Anayeogopa jipsamu atumie bodi ya saruji ya milimita 6, ambayo uzito wake unakaribia wa jipsamu ya 12, nayo haijali unyevu, ila inakula misumeno na vumbi lake lataka barakoa.

Fremu ya dari ining'inizwe kwa vishikizo vyenye mpira. Ikipigwa moja kwa moja kwenye mbao za mabati kwa skrubu, mtetemo unashuka kupitia skrubu zilezile na bodi inakuwa spika. Pande zote acha upenyo wa milimita 5 kati ya bodi na ukuta au fremu ya vioo, uujaze kwa gundi ya akriliki inayobaki laini. Taa za kuchimba ndani ya dari uzisahau. Kila tundu ni mlango wa sauti, na taa iliyofunikwa kwa rokwuli inajipika yenyewe. Weka za kubandika kwenye uso wa bodi.

Paneli za plastiki, zile za PVC zinazong'aa na sasa zimejaa madukani, hazina uzito wa kuzuia sauti, na zikikaa karibu na bati bila foili hulainika zikalegea kama nguo iliyoanikwa. Mbao za saiprasi zinazoshikana kwa ulimi na mfereji zinapendeza kuliko zote, lakini zikikauka zinaachana, na sauti hupita hapo. Ukizitaka, ziwe pambo chini ya bodi moja ya jipsamu.

Hesabu ya baraza ya mita 4 kwa 6

Mteremko ukiwa nyuzi 10, urefu wa mteremko unafika mita 4.1 na eneo la dari mita za mraba 24.6. Foili ya upana wa mita 1.2 ikipishana milimita 75 inaziba mita 1.125 kila kipande, hivyo vipande 4. Kila kimoja mita 6.3 ili kiinuke kidogo ukutani pande mbili: mita 25.2 za roli. Roli nzima ya mita 40 itabaki na masalio, uliza kama wanakata. Rokwuli za mita 1.2 kwa 0.6 zinahitajika 35, nunua 37. Bodi za mita 1.2 kwa 2.4 ni 9 kwa safu moja, nunua 10, na kwa safu mbili 20. Butili, kama sehemu bapa ni thuluthi mbili ya paa na unafunika nusu yake, ni mita za mraba 8 hadi 9.

Uzito usipuuzwe. Bodi ya milimita 12 ina takriban kilo 8.5 kwa mita ya mraba, hivyo safu mbili ni zaidi ya kilo 400. Ongeza rokwuli kilo 74, fremu na butili, na umepita nusu tani juu ya baraza ambayo iliundwa kubeba bati la kilo 70. Baraza nyingi zilizoongezwa mbele ya nyumba za Nyali, Bamburi au Tudor zina nguzo za bomba la mraba na fremu za alumini zilizohesabiwa kwa vioo na bati tu. Mhandisi aione kabla. Akisema haibebi, weka bodi moja na butili kamili. Utakosa desibeli chache, lakini paa litabaki juu.

Halafu kuna vioo. Tundu la asilimia 1 tu ya eneo la kizuizi huzuia kizuizi hicho kisipite desibeli 20, hata kama kilichobaki ni ukuta wa zege. Vioo vya luva vina nyufa kila jani. Aliye Mikindani au Changamwe chini ya njia ya ndege, au kando ya barabara ya malori na tuktuk, akiweka dari hii yote na kuacha luva, atasikia mvua imepungua na barabara ikabaki vilevile. Dari ni dawa ya mvua. Barabara inataka madirisha yanayofunga kwa mpira.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa kazi hii

Paneli za sandwichi, bati juu, povu la poliyurethani la milimita 50 katikati, bati chini. Kwa joto ni bora kuliko kila kitu tulichokitaja, nazo hufungwa kwa siku mbili. Kwa kelele ni wastani, takriban desibeli 25, maana povu ni jepesi, ingawa mlio wa debe unapungua kwa kuwa bati limeshikwa. Kwa anayejenga baraza mpya na anayejali jua kuliko mvua, tungezichukua. Zikatwe kwa msumeno, si kwa grainda: cheche za grainda hutoboa rangi, na mwaka haupiti kingo zimeshika kutu ya chumvi. Paneli zenye moyo wa polisterini ziepuke mahali panapokaangwa mahamri au kuchomwa mishkaki. Polisterini huyeyuka na kuwaka. Za moyo wa rokwuli zipo pia, ni nzito, na moto haziujali.

Povu la kupuliza chini ya bati hushika kila mahali, bati halitoi jasho tena, na mlio unapungua. Tatizo ni ukarabati. Maji yakiingia kwenye tundu la skrubu hutembea kati ya povu na bati, yanakula bati kimyakimya, na ukijua limeoza. Kubadilisha bati moja ni kulichana povu lote. Hewa ya bahari haitaki kitu kinachoficha kutu.

Makuti juu ya mabati ni ya hapa, na kwa sauti ya mvua hayana mpinzani: tone linavunjika kwenye majani kabla halijafika. Joto nalo linapungua sana. Lakini kwenye mteremko mdogo wa baraza maji hayakimbii, makuti yanakaa na unyevu, yanaoza haraka na bati chini yake linaoza nayo. Mteremko wa nyuzi 45 ndio wao. Na moto wa makuti hauzimwi, unatazamwa. Kama jirani ana jiko karibu na ukingo wa paa lako, acha.

Rangi nyeupe ya mpira ya akriliki juu ya bati ni rahisi na inafaa hata ukiwa na foili, kwa sababu inalizuia joto kabla halijaingia. Nyeupe mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya jua. Mombasa kuvu jeusi litaipunguza upesi, kwa hivyo ioshwe mara mbili kwa mwaka, mara moja masika yakiisha na mara moja kabla ya kaskazi. Bati lisuguliwe, lisuuzwe chumvi, lipakwe praima, kisha mikono miwili, katika siku ambazo mvua haipo. Anayekinga maji ya paa kwenye tangi ahakikishe rangi ni ya kufaa maji ya kunywa na aache mvua mbili tatu za kwanza zimwagike.

Juu ya mafundi

Fundi wa foili na fundi wa dari mara nyingi si mmoja, na makosa mengi huzaliwa kati yao: wa dari anakuja, anaona foili imelegea, anaikaza hadi ibane bati, kazi ya wa kwanza imekwisha. Mpe kazi yote mtu mmoja, au uwe wewe msimamizi. Maswali mawili yanatosha kumpima. Muulize pengo litakuwa milimita ngapi. Akijibu kwamba foili haihitaji pengo, mshukuru na umsindikize. Muulize dari itashikiliwa na nini. Akisema skrubu moja kwa moja kwenye mbao za mabati, basi anajua dari lakini hajui sauti. Patana malipo yakatwe hatua tatu: baada ya skrubu na butili, baada ya foili na rokwuli kabla ya bodi kufunga, na mwisho. Hatua ya pili panda uangalie mwenyewe, piga picha za kila uwazi. Bodi zikishafungwa hakuna anayekumbuka kilichoko ndani.

Upande wa chini wa mteremko acha matundu ya hewa na upande wa juu vilevile, kati ya bati na foili, yazibwe kwa wavu usioshika kutu. Bila wavu, popo watahamia. Ukiwa na kiyoyozi barazani, usiongeze nailoni chini ya bodi: hewa yenye unyevu hutoka nje kuingia ndani, foili ya juu tayari imeizuia, na nailoni ya pili itaufungia unyevu katikati.

Kupima matokeo ni rahisi. Saa nane mchana wa jua kali, elekeza kipimajoto cha mwale kwenye dari, kisha upime hewa ya chumba. Dari ikizidi hewa kwa nyuzi 2 au 3, kazi ni safi. Ikizidi 5, mahali fulani foili imegusa bati, na ukipitisha kipimo polepole utapaona. Kwa kelele usingoje masika. Kabla ya kazi kuanza, mwagia paa maji kwa mpira kutoka mahali uliloweka alama, simu ikiwa juu ya kiti katikati ya baraza na programu ya kupima desibeli imewashwa. Andika namba. Fundi akimaliza, mpira uleule, alama ileile, simu ileile, ndipo ulipe ile thuluthi ya mwisho.